Siha ya Jamaa: Je, Maji ya Uyoga Huzilinda Chembe za Mwili?

Katika miezi hii tumeulizwa na jamaa wengi, wengine kwa barua na wengine ana kwa ana baada ya sala ya Ijumaa, juu ya makopo na vidonge vya uyoga vinavyotembezwa mijini nyumba kwa nyumba. Wauzaji wake hawasemi kama walivyokuwa wakisema wauza dawa wa zamani, kwamba dawa yao huondoa homa au msokoto wa tumbo. Husema jambo kubwa kuliko hilo: kwamba maji ya uyoga huo huzilinda chembe za mwili zisiharibike katika asili yake, yaani katika vile vinasaba ambavyo kwavyo mtoto hufanana na babaye, na kwamba mwenye kuyanywa kila siku amekwisha kujikinga na saratani. Kopo moja huuzwa kwa fedha ambazo nyumba ya watu sita ingenunulia unga wa siku nyingi. Maadamu neno lenyewe limetolewa kwa jina la elimu, tumeona ni haki lijibiwe kwa elimu hiyo hiyo, wala si kwa kulicheka wala kwa kulisadiki upesi.

Kwanza tuujue uyoga wenyewe. Unaotajwa sana ni ule ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani huuita reishi, na wataalamu wameupa jina la Ganoderma lucidum. Huota juu ya magogo na mashina, ni mgumu kama ubao, una wekundu wa kung'aa kana kwamba umepakwa vanishi, na ni mchungu. Hauliwi kwa wali kama uyoga mwingine, bali huchemshwa au husagwa. Umo katika kitabu cha dawa cha Kichina chenye umri wa karibu miaka 2,000, na humo umegawanywa kwa rangi sita. Mwingine ni ule uyoga mweupe wa madukani, Agaricus bisporus, na jamaa yake wa Brazil aitwaye Agaricus blazei, ambaye mbegu zake zilipelekwa Japani mwaka 1965 na huko akapata sifa kubwa.

Baadhi ya wauzaji, wajuapo kwamba nyumba waliyoingia ni ya Waislamu, huongeza kusema kwamba uyoga huu ndio uliotajwa katika Hadithi. Hapa twasema wazi: la. Kilichotajwa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim ni kam'a, na maji yake yametajwa kwa ajili ya macho. Kam'a ni kitu cha jangwani, mfano wa kiazi, kinachokua chini ya mchanga baada ya mvua, na Waarabu wa Ghuba na wa Shamu hukichimba na kukila hata leo. Hakioti juu ya gogo wala hakifanani na lingzhi. Anayeibandika Hadithi ile juu ya kopo la dawa nyingine ameifanya Hadithi kuwa karatasi ya nembo, na hilo ni kosa kubwa kuliko kuuza dawa isiyofaa.

Sasa tuje kwenye chembe. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno, na karibu kila moja ina kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi za DNA ambazo zikinyoshwa zote zafika kiasi cha mita 2, ingawa kiini chenyewe hakionekani kwa jicho. Nyuzi hizo ni kama maandishi ya herufi nne tu, zilizorudiwa mara bilioni 3 katika nakala moja. Na kila chembe ina nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Chembe inapogawanyika hunakili maandishi yote upya. Wanafunzi wetu wa chuoni hulifahamu jambo hili upesi tukiwaambia: tazameni ubao wa mwenzenu. Nukta moja ikipotea mahali pake, herufi huwa nyingine na maana hugeuka. Na atakayenakili kutoka kwake atanakili kosa lile lile bila ya kujua. Makosa kama hayo yakikusanyika mahali pabaya katika chembe moja, chembe hiyo huweza kusahau mpaka wake ikazaana ovyo, na hiyo ndiyo saratani.

Viletavyo madhara hayo ni vingi: moshi wa tumbaku, miale mikali ya jua, miale ya eksirei, sumu za ukungu wa nafaka. Lakini msomaji asidhani kwamba adui yuko nje tu. Hewa tunayoivuta na chakula tunachokula, vinapotumika mwilini, huacha mabaki makali ambayo hula nyuzi hizo kama kutu ilavyo chuma. Na hata bila ya mabaki hayo, DNA huharibika yenyewe kwa kukaa tu katika maji na joto la mwili. Imekadiriwa kwamba katika kila chembe herufi zipatazo 10,000 hubanduka kila siku.

Ikiwa ni hivyo, mbona tu wazima? Kwa kuwa mwili umepewa mafundi wake. Wamo wanaokata kipande kibovu na kutia kipya, na wamo wanaopitia nakala mpya kutafuta makosa. Kwa kuieleza kazi ya mafundi hao, wataalamu watatu walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015: Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar. Huyu wa tatu twapenda vijana wetu wamjue. Alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, kusini mashariki mwa Uturuki, kwa wazazi wasiojua kusoma wala kuandika, nao wakashika sana kwamba watoto wao wasome. Alisomea uganga Istanbul, kisha akaenda Marekani, na huko akaeleza jinsi chembe inavyokitoa kipande cha DNA kilichochomwa na jua. Wazazi wanaotuambia kwamba hawawezi kumsaidia mtoto kwa kuwa wao hawakusoma, na wafikiri juu ya nyumba hiyo ya Savur.

Basi wanaosema kwamba uyoga huzilinda chembe wamelipata wapi neno lao? Hawakulibuni lote. Kuna kipimo kiitwacho kipimo cha kimondo, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kuboreshwa mwaka 1988. Chembe hutandazwa katika kitu kama jeli juu ya kioo, ngozi yake huyeyushwa, kisha hupitishiwa umeme. DNA iliyo nzima hukaa pamoja kama mpira; iliyokatika vipande huvutwa na umeme, ikaburura nyuma yake mkia, hata chini ya hadubini huonekana kama kimondo angani. Mkia ukiwa mrefu, madhara ni mengi.

Mwaka 2002 watafiti wa Hong Kong walikitumia kipimo hicho kwa uyoga wa aina nane. Walizitia chembe katika maji ya uyoga, kisha wakazishambulia kwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa itoayo povu inapooshewa kidonda. Aina mbili zilionyesha ulinzi mzuri: uyoga mweupe wa madukani uliotolewa maji yake kwa ubaridi, na lingzhi iliyochemshwa. Aina sita zilizosalia hazikulinda kitu, na miongoni mwake ulikuwamo shiitake wa Wajapani wenye sifa nyingi, na uyoga wa kabila moja na ule mamama unaopandwa na kina mama wengi Afrika Mashariki. Jambo hili wauzaji hawalitaji, kwani kwao uyoga wote ni dawa ya kila kitu. (Chembe walizozitumia katika kazi yao ya uyoga mweupe zilitokana na saratani ya tezi ya mtoto mmoja wa Nigeria, zikioteshwa katika chupa tangu mwaka 1963, na saratani hiyo ndiyo aliyoieleza mganga Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Hivyo Afrika ina fungu lake katika habari hii.)

Watafiti hao hawakutosheka na kuona kwamba uyoga mweupe walinda. Walitafuta ni kitu gani ndani yake kilindacho. Wakakuta ni kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, ambacho ndicho kiufanyacho uyoga uliokatwa kugeuka rangi ya kahawia. Kimeng'enya ni protini, na moto huiua. Ndiyo sababu maji ya baridi yalilinda na ya moto hayakulinda. Basi mtu aweza kusema: nitaula mbichi. Lakini twende pole pole. Uyoga huo huo ukiwa mbichi una kitu kingine kiitwacho agaritini, na mwaka 1986 katika chuo kikuu cha Nebraska, Marekani, panya waliolishwa uyoga huo mbichi muda wa maisha yao walipatwa na uvimbe wa saratani katika viungo mbalimbali. Waliokuja kupima mambo baadaye waliona kwamba kiasi alacho mtu mezani hakikuthibitika kuwa na hatari kwake, nasi hatupendi kumtisha mtu na sahani yake. Tena kupika hupunguza agaritini. Lakini tazama ajabu ya jambo hili: katika kiumbe kimoja mna kilindacho DNA katika kioo na kishukiwacho kuidhuru katika panya, na moto wa jikoni huvipunguza vyote viwili. Ni nani basi awezaye kusema kwa neno moja kwamba uyoga ni ngao?

Huko Brazil nako, mwaka 2001, panya walipewa maji ya Agaricus blazei kisha wakachomwa sindano ya saiklofosfamidi, ambayo ni dawa ya saratani inayokata DNA. Wataalamu walihesabu katika uboho wa mifupa vile vipande vya viini vinavyobaki pembeni chembe inapogawanyika vibaya. Baadhi ya maji yale yaliyapunguza madhara, na mengine hayakuyapunguza, ingawa uyoga ulikuwa wa jina moja. Na katika jimbo la Kerala, India, panya waliopigwa miale wakapewa kitu kilichotolewa katika Ganoderma walionekana kuwa na madhara machache katika nyuzi zao kuliko wenzao. Hizi ni kazi za kweli, zilizofanywa na watu wenye kujua wafanyalo. Anayesema kwamba habari yote ya uyoga ni uzushi, huyo naye hakusema kweli.

Tumekwisha kuona chembe katika kioo na panya katika kizimba. Twabakiwa na mwanadamu, naye ndiye anayelipa fedha.

Mwaka 2004 ilitangazwa kazi nyingine ya Hong Kong, na katika hizi zote sisi twaiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kwa msomaji wetu. Watu 18 wenye afya, wa umri wa miaka 22 mpaka 52, walipewa vidonge vya lingzhi gramu 1.44 kwa siku muda wa wiki 4. Na kwa muda mwingine walipewa vidonge vitupu vinavyofanana navyo, wala mlaji wala mpimaji hakujua ni vipi. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya dukani, kama hivi vinavyotembezwa. Walipimwa damu na mkojo, ukiwemo ule mkia wa kimondo. Matokeo: halikuonekana badiliko la maana katika kipimo chochote cha DNA, wala cha kinga ya mwili, wala cha moyo. Madhara pia hayakuonekana, si katika ini wala figo wala katika DNA yenyewe, na uadilifu wataka tuliseme hilo nalo.

Kwa nini basi kilichoonekana katika kioo kisionekane kwa mtu? Katika kioo chembe huogeshwa na maji ya uyoga uso kwa uso. Mtu anapokunywa, maji hayo hupita katika asidi ya tumbo, yakavunjwavunjwa, yakapita katika ini, na kinachofika katika damu ni kidogo na aghalabu si kile kilichoingia mdomoni. Kile kimeng'enya tulichokitaja, kikifika tumboni, humeng'enywa kama nyama ya samaki. Tena mtu mzima mwenye afya amekwisha kuwa na mafundi wake na ngao zake, na kumwongezea ni kama kumtia maji aliyekwisha kushiba.

Wala si uyoga peke yake uliokutwa na hali hii. Watu wazima wanakumbuka jinsi zilivyosifiwa vitamini za vidonge kwa sababu hii hii ya kuzuia kutu ya chembe. Huko Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 walipewa, kwa mafungu, beta-karotini, vitamini E, vyote viwili, au vidonge vitupu, ili waone kama saratani ya mapafu itapungua. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Karoti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kitu kilicho kizuri katika chakula, kikitolewa peke yake na kutiwa kwa wingi, lazima kitazidi uzuri.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo lililotufanya tuandike mwezi huu wala tusingoje. Mama mmoja katika jamaa za wanafunzi wetu ana mume mgonjwa wa saratani ya koo, naye apigwa miale hospitalini kwa zamu. Akaja kuuliza kama auze cherehani yake anunue makopo matatu, kwa kuwa ameambiwa kwamba miale huharibu chembe na uyoga huzilinda, basi mumewe aunywe siku zile zile za miale. Kwa sikio la mtu mwenye huruma maneno hayo yana mantiki. Lakini na tufikiri: miale ile haikuletwa ila kwa ajili ya kuivunja DNA ya saratani. Kuivunja ndiyo dawa yenyewe. Kikipatikana kitu kinachozilinda chembe kweli, nani atakiambia kilinde chembe njema na kiiache mbaya?

Hili si shaka ya kubuni tu. Katika jimbo la Quebec, Canada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo walipewa, wakati wa miale, vitamini E na beta-karotini au vidonge vitupu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Waliopewa vitamini walipungukiwa na maumivu ya miale, naam. Lakini saratani ilielekea kurudi kwao zaidi kuliko kwa wenzao. Vitamini si uyoga, na hatusemi kwamba ni kitu kimoja. Twasema kwamba anayejisifu kwa ulinzi wa chembe ameshika kisu chenye makali pande mbili, na mgonjwa wa miale ndiye wa mwisho kujaribiwa nacho bila ya mganga wake kujua. Tulimwambia mama huyo asiuze cherehani, na kama makopo yamekwisha kuingia nyumbani, ayachukue siku ya kliniki amwonyeshe daktari bila ya haya.

Na kuhusu kuiponya saratani iliyokwisha kuingia, wakaguzi wa jumuiya ya Cochrane walizikusanya mwaka 2012 kazi tano za lingzhi zenye wagonjwa 373. Hawakupata ushahidi wa kutosha kuifanya kuwa dawa ya kwanza ya saratani. Waliona tu kwamba yaweza kufikiriwa kuwa msaidizi pamoja na matibabu ya hospitali, na kazi zenyewe hazikuwa imara sana. Mwenye kuacha hospitali kwa ajili yake hana hata kazi moja kati ya hizo ya kuegemea. Wala unga wa lingzhi si kitu cha kuchezea kwa sababu tu ni wa miti shamba: waganga wa Thailand waliandika mwaka 2007 habari ya mgonjwa aliyekufa kwa ini baada ya kuutumia. Habari kama hizo ni chache, lakini mwenye ugonjwa wa ini na mwenye kunywa dawa za kuzuia damu isigande wasiuguse bila ya kuuliza.

Jambo la pembeni, ambalo nyumba zetu haziwezi kulipita. Maji mengine ya uyoga yanayouzwa katika vichupa hayakutolewa kwa maji bali kwa kilevi, na vifuko vya vidonge vingine ni vya jelatini ya nguruwe. Huandikwa ubavuni mwa chupa kwa herufi ndogo. Asomwe kwanza ubavu huo, na penye shaka aulizwe mwenye elimu ya fiqhi, kabla ya mjadala wowote wa DNA.

Tukiulizwa basi: uyoga wa chakula tuule? Kuleni, na furahini. Uyoga wa kulimwa ni chakula chema, na una kitu kiitwacho agothionini ambacho hakipatikani kwa wingi katika chakula kingine chochote. Mwaka 2005 wataalamu waligundua kwamba mwili una mlango maalumu wa kukiingiza katika chembe, jambo linaloonyesha kwamba mwili wakithamini. Moto haukiharibu upesi. Uyoga mamama ukikaangwa kwa kitunguu na nyanya, ukatiwa tui la nazi, utawatosha watoto wote kwa sehemu ndogo ya bei ya kopo. Uyoga wa porini waachieni wanaoujua tangu ujana wao, kwani mmoja mbaya huua nyumba nzima.

Na mwenye kutaka hasa kuzilinda chembe za wanawe na sumu ya kuharibu vinasaba, na aingie ghalani. Ukungu wa mahindi na karanga, ambao ni ndugu wa mbali wa uyoga, hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Hiyo hujibandika katika DNA ya ini, na imethibitika kwa wanadamu, si kwa panya tu, kwamba huleta saratani ya ini. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache bila ya kungoja saratani: Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu, mpaka punje zikauke kabisa. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu zitolewe kabla ya kukaanga, wala wasipewe kuku, kwani sumu hiyo huwadhuru na wao pia.